Mkasi wa Mishikio ya Kijani

Siku moja hainitoki moyoni, mwanangu, na nikiikumbuka mkono wangu huu wa kushoto huniwasha. Ni siku niliyokwenda dukani kuchagua mkasi wa bati. Niliuona ulio wangu, nikaujaribu, nikajua kabisa ni wangu, kisha nikauacha nikanunua mwingine kwa kuogopa macho ya watu. Keti basi nikuhadithie. Umeniambia wataka kuanza kazi ya mabati, na swali lako la kwanza limekuwa ni mkasi gani mzuri. Swali ni jema. Jibu lake ndilo refu, kwa hivyo mimina chai kabisa.

Kwanza jina langu. Mimi ni Mwanamkasi. Cheka, cheka, wenzako wote wamecheka. Jina ni la mama yake bibi yangu, na yeye hakushika mkasi wowote maishani mwake ila wa kukatia uzi. Lakini utaona mzaha ulionipata kwa jina hilo pale nilipoingia karakana ya mjomba wangu.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeolewa Mambrui, na huko nikaachika, nikarudi kwetu Shella, hapa Malindi, na mtoto wangu Rukia mgongoni. Alikuwa hajatimiza miaka mitatu. Sina la kumsema baba yake, talaka ni jambo la watu wawili na sisi wawili tulishindwa. Mama yangu alinipokea. Ndugu yake mama, Mjomba Shee, akanipa kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kwenye banda lake la makuti nyuma ya nyumba, alikokuwa akitengeneza seredani za kupikia kwa makaa, koroboi, fanusi na mifereji ya kuvunia maji ya mvua.

Mjomba Shee alikuwa mtu mwembamba, kikoi hakikosi kiunoni, miwani imefungwa kwa uzi. Maneno yake yalikuwa machache. Lakini akiona kazi mbovu! Majirani walikuwa wakipunguza sauti za redio wapate kumsikia vizuri. Mwingine pale bandani alikuwa Kazungu, fundi wa Ganda, kijana wa miaka thelathini hivi, mcheshi, hodari, aliyekuja kila asubuhi kwa baiskeli. Sisi watatu tu.

Mwaka mzima mimi nilikuwa mtu wa kulehemu na kupaka rangi. Kulehemu nilikuweza, tena vizuri, risasi ya kulehemia ilikuwa ikinisikiliza. Kukata ndiko kulikonishinda. Nikishika mkasi bati hunitoka na meno meno, mstari huku, mkasi kule. Kazungu akawa hana dogo. "Jamani, Mwanamkasi hajui mkasi! Basi mimi Kazungu nikitembea na mzungu nisijue salamu yake?" Mjomba naye hutikisa kichwa akasema, "Mkono wako mzito, mwanangu. Sijaona mkono mzito kama huu." Nami huinama nikaokota vipande.

Mkono haukuwa mzito, mwanangu. Haukuwa wangu. Mimi nilizaliwa mwenye shoto.

Wewe waona si kitu. Wakati wetu lilikuwa jambo kubwa. Bibi yangu, mama yake Mjomba Shee huyo huyo, ndiye aliyenilea utotoni, na alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa cha leso kuukuu tangu asubuhi mpaka magharibi, nisije nikala nao, nisije nikapokea nao kitu cha mtu mzima. Hakunifanyia ubaya. Alinipenda kuliko wajukuu wake wote, na aliogopa nitakuja kuaibika mbele za watu. Nikajifunza. Nikala kwa kulia, nikaandika kwa kulia, nikasonga ugali kwa kulia. Hata mume wangu hakujua. Nikiwa peke yangu tu, mlango umefungwa, ndipo nilipokuwa nikishona kwa kushoto, na sindano ikaenda kama inajua njia.

Sasa mwezi wa Rajabu ulipoingia, wifi yangu Bi Salma, dada yake baba Rukia, alitujia kutoka Mambrui. Akakaribishwa, akanywa chai, akampakata mtoto. Kisha akasema kwa upole, na ule upole wake ndio uliniogofya zaidi:

"Wifi, sisi si watu wabaya. Lakini mtoto hali mapenzi. Ndugu yangu ana shamba na ana nyumba. Wewe wakaa kwa mama, walishwa na mjomba. Nitakuja siku za Idi. Nikikukuta una kazi yako ya kujulikana, nitambusu mtoto nimwache hapa kwa moyo safi. Nikikuta bado wabebwa, nitaondoka naye."

Mama akatazama chini. Bi Salma akamgeukia mjomba. "Mzee Shee, wewe ndiwe shahidi. Twakujua husemi uongo. Siku hiyo nitakuuliza wewe, si yeye."

Mjomba akavua miwani akaifuta. "Akiwa fundi nitasema ni fundi," alisema. "Asipokuwa, nitasema hajawa."

Wallahi siku ile nilimchukia. Nilitaka aseme palepale kwamba mimi ni fundi, lingempunguzia nini? Lakini ndivyo alivyokuwa, na leo namshukuru Mungu alivyokuwa hivyo. Neno la mtu anayesema uongo kwa ajili yako leo halitakusaidia kesho.

Mle bandani palikuwa na ada moja, nikueleze, maana mambo yote yalisimama juu yake. Nyundo uliweza kuazima. Chuma cha kulehemu pia. Mkasi, hapana. Kila fundi alikuwa na mkasi wake, na hakuna aliyegusa wa mwenzake. "Mkasi ni kama mswaki," Mjomba alikuwa akisema. Mwanafunzi alipewa mkasi mkuukuu wa kujifunzia, ule butu. Siku Mjomba akiona umefika, anakupa fedha mkononi, unakwenda dukani peke yako, unachagua mwenyewe. Hakushauri, hafuatani nawe. Ukirudi na mkasi wako unapewa kazi ya kukata, na kazi ikitoka safi wewe ni fundi. Watu wote wanajua. Isipotoka safi, unarudi kwenye rangi.

Mwezi wa Shaabani ukiwa ukingoni, hoteli moja ya ufukweni ikaagiza fanusi thelathini za bustanini. Kila fanusi yataka duara mbili za bati, moja ya chini na moja ya juu, ukubwa wa sahani ndogo. Mjomba akaniita. "Duara zote utakata wewe," alisema, na akanipa fedha za mkasi. Nilijua anafanya vile kwa sababu ya Rukia. Hakulitaja jina lake.

Nikaenda. Duka la vifaa lilikuwa mjini, mwenyewe mzee mmoja wa Kibohora, mtu wa taratibu, kofia nyeupe imetulia kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, nikamwambia nataka mkasi wa bati. Akanipangia mikasi mitatu juu ya meza.

Wa kwanza mkubwa, mweusi, mrefu wa mishikio, mdomo umenyooka, mzito kama jiwe la kusagia. Ulikuwa ndugu wa mkasi wa Mjomba. Wa pili mfupi, mishikio myekundu, kama ule wa Kazungu. Wa tatu nao mfupi, mishikio ya kijani, umejaa vumbi. Alipouweka huo alicheka kidogo.

"Huu nakuonyesha tu, binti. Mafundi wawili wameununua, wote wawili wameurudisha. Wanasema umeundwa kinyume. Mmoja aliniambia una jini."

Akanipa kipande cha bati cha kujaribia, kisha mteja mwingine akamwita upande wa misumari. Nikabaki peke yangu pale mezani. Nikashika mkasi mweusi kwa mkono wa kulia. Vidole havikuweza kuuzunguka ukiwa wazi. Nikashika mwekundu. Ukakata, lakini kwa kulazimishwa. Sijui nini kilinifanya nitazame nyuma kama kuna mtu. Hapakuwa na mtu. Nikauchukua ule wa kijani kwa mkono wa kushoto.

Mwanangu, niseme nini? Bati lilifunguka. Mstari niliuona wote, mweupe mbele yangu, haukufunikwa na kitu. Nikapinda kidogo, mkasi ukapinda nami. Nilikata nusu duara pale pale dukani, nikapitisha kidole ukingoni na hapakuwa na jino hata moja. Machozi yalinilenga. Nilikuwa mtu mzima, mama wa mtoto, na sikuwa nimejua kwamba kukata bati kunaweza kuwa jambo jepesi.

Kisha nikasikia viatu vya mwenye duka vinarudi, nikautupa mkasi mezani kama mwizi aliyeshikwa.

"Umechagua?" aliniuliza.

Nikatazama ule wa kijani. Nikamfikiria Kazungu atakavyosema nikirudi na mkasi wa jini. Nikamfikiria Mjomba akiniona nakata kwa mkono wa chooni. Zaidi nilimfikiria Bi Salma, mwenye macho makali. Nikasema, "Nipe huo mkubwa mweusi." Nilitaka mkasi utakaoninyanyua mbele za watu. Nikaubeba kwapani mpaka Shella, na njiani watu wawili waliniuliza, "Ala, Mwanamkasi, umekuwa fundi?" Nami nikafurahi. Upumbavu una utamu wake mwanzoni.

Ramadhani ikaingia. Siku ya kwanza ya kukata nilikata duara nne, zote nne zikatoka kama zimetafunwa na mbuzi. Siku ya pili vidole vilivimba. Kazungu, ambaye hakuwa akifunga lakini kwa heshima yetu alikuwa akila mihogo yake nyuma ya banda tusimwone, aliacha mizaha. Hapo ndipo nilipojua hali yangu ni mbaya kweli, kwa maana Kazungu hakuwa mtu wa kuacha mzaha bure. "Dada," aliniambia, "huo mkasi ni wa kukata mfereji, mstari mrefu mnyoofu. Duara hauziwezi." Nikamjibu vibaya. Nikasema Mjomba anao kama huo huo na duara anakata. Alinitazama, akarudi kwenye kazi yake. Mjomba alikuwa na miaka arobaini kwenye mkasi wake na kiganja kama sinia.

Mjomba mwenyewe alipita, akaona zile duara mbovu zimerundikana chini, akaenda zake. Bati lilikuwa linakwisha. Idi ilikuwa inakuja. Rukia alikuwa akija bandani akikusanya vile vipande vya pembeni akiviita visamaki vyake, na kila nikimtazama roho ilinipasuka.

Kumi la mwisho la Ramadhani, alasiri moja, Kazungu alikuwa amekwenda kupeleka mfereji Tezo, Mjomba yuko msikitini. Nilikuwa nimebaki peke yangu. Nikachukua ule mkasi mweusi kwa mkono wa kushoto. Nguvu nilikuwa nazo, lakini mkasi wenyewe ni wa mtu wa kulia, ubapa wa juu ukanifunika mstari wote, na badala ya kukata, bati likajikunja katikati ya makali likakwama. Nikavuta kwa hasira. Likaachia ghafla, likanichana kiganja kutoka hapa mpaka hapa. Kovu hilo, litazame.

Nilikuwa nimeketi chini, damu inatoka, nalia kama mtoto, mkasi bado uko mkono wa kushoto, nilipoinua macho nikamwona Mjomba amesimama mlangoni. Nikauficha mkono nyuma. Hebu fikiria, damu inachuruzika na mimi naficha mkono nyuma, mama mzima!

"Lete huo mkono," alisema.

Nikampa wa kulia.

"Si huo."

Nikampa wa kushoto. Akaufunga kwa kitambaa chake cha kichwani. Halafu akaniuliza, "Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa, Mjomba."

Hapo ndipo alipolipuka. Nilidhani atanikemea kwa bati lililoharibika, au kwa kutumia kushoto. Wapi! "Mwaka mzima!" alipiga kelele. "Mwaka mzima umekaa kwangu, umekula na mimi, umenificha mkono! Nakuita mzito nawe wanyamaza! Mimi ni mjombako au ni polisi?"

Nikasema, kwa kwikwi, "Bibi alikuwa akinifunga. Kwa leso. Nilidhani wajua."

Mjomba akaketi juu ya debe lililopinduliwa. Bibi alikuwa mama yake, naye mama yake alimtukuza, na sijapata kumsikia hata siku moja akimtia kasoro. Kisha akasema polepole, "Mama alikuwa mwema, Mungu amrehemu. Kwa hili alikosea."

Nilitaka kusema neno, akanizuia kwa mkono.

"Sikiliza nikwambie. Kula, utakula kwa kulia. Kupokea na kutoa, kwa kulia. Hiyo ni adabu yetu, na wewe waijua, hakuna anayekushtaki. Lakini bati si sahani ya pilau. Bati halina adabu wala halina haya, linataka mkono unaoliweza. Mungu kakupa mkono, wewe wauficha kama umeuiba. Umeuiba kwa nani?"

Akaniuliza kama dukani nilijaribu mikasi yote. Hapo nikamwambia ukweli wote, ule wa kijani, bati lilivyofunguka, viatu vya mwenye duka, nilivyoutupa. Nilipokuwa nikimweleza alikuwa tayari amekwisha kuvaa makubazi.

Mwanangu, mtu yule ambaye ada yake ilikuwa kutofuatana na mtu kununua mkasi, aliivunja siku ile kwa ajili yangu. Tulikwenda mjini na jua la Ramadhani, koo zimekauka, yeye mbele mimi nyuma na mkono wangu uliofungwa. Mkasi wa kijani ulikuwa pale pale na vumbi lake. Mwenye duka akatoa kipande cha bati. Mjomba, badala ya kunipa mimi, akauchukua yeye kwanza, akaushika kwa mkono wake wa kulia, fundi wa miaka arobaini, akakata.

Bati likajikunja. Akajaribu tena. Mstari akaupoteza. Akajaribu mara ya tatu, akatoa kipande kina meno kama msumeno, akakiinua kwenye mwanga akakitazama. Nilikuwa nikikijua kipande kile. Kilikuwa sawasawa na vipande vyangu vya mwaka mzima.

"Kumbe," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kumbe haya ndiyo mateso niliyokuwa nikikupa."

Akanipa mkasi. Nikaupokea kwa kulia, kwa adabu, kisha nikauhamishia kushoto mbele yake na mbele ya mwenye duka, na kiganja kinaniuma, nikakata duara nzima. Mzee yule wa Kibohora akacheka mpaka kofia ikamteleza. "Basi jini limepata kiti chake!" alisema. Alituuzia mkasi ule kwa bei ya kuuondoa tu machoni pake. Ule mweusi nao haukupotea, Mjomba akasema utakata mifereji, kama Kazungu alivyosema tangu mwanzo, na ilibidi nimwombe radhi Kazungu. Aliipokea, kisha akanitania juu yake miaka minane.

Siku zilizobaki nilikata. Kiganja kilipona taratibu nami nikajikaza kisabuni. Fanusi thelathini zilitoka siku mbili kabla ya mwezi kuandama.

Bi Salma alikuja Idi pili, siku ya pili ya sikukuu, amevaa leso mpya, amemletea Rukia gauni. Mama akamkaribisha ndani, akakataa, akasema anataka kuja bandani kwanza. Nilikuwa nakata kitako cha seredani. Mkasi ulitaka kunirukia mkono wa kulia, mwanangu, nakwambia kweli, ule woga wa tangu utoto haukutoka kwa siku moja. Nikamtazama Mjomba. Akanifanyia kichwa hivi, endelea. Nikaendelea.

"Mzee Shee, Idi njema," alisema Bi Salma. Kisha akaona. "Lo! Anakata kwa kushoto? Ndiyo kazi hiyo, kwa mkono wa chooni?"

Mjomba akaweka nyundo chini.

"Bi Salma, uliniambia utaniuliza mimi. Niulize."

"Haya, nakuuliza. Huyu ni fundi?"

"Mwaka mzima," alisema Mjomba, "nimemfundisha binti huyu kwa mkono usio wake, nikamwita mzito mbele za watu. Aliyekuwa mzito ni mimi. Nilikosea, na mbele yako namwomba radhi. Ndiyo, huyu ni fundi."

Kazungu alikuwa ameshika patasi hewani, hakuishusha. Mimi sikuweza kuona vizuri kwa machozi. Katika maisha yangu yote sikuwa nimesikia mwanamume wa umri ule akimwomba radhi mtoto wa dada yake, tena mwanamke, tena mbele ya mgeni.

Bi Salma akasogea. Akaokota kile kitako nilichokuwa nimekikata, akapitisha kidole ukingoni, polepole, akakizungusha kote. Alikuwa akitafuta jino. Akazunguka mara ya pili. Hakulipata. Akakiweka mezani, akamwinua Rukia akambusu mashavu yote mawili, akamshusha chini miguuni pangu.

"Nitengenezee seredani," aliniambia. "Kubwa. Ya kwangu imetoboka."

Rukia alikulia katika nyumba hii, mwanangu, akasomea hapa hapa, na akaolewa kutoka mlango huo unaouona. Kila siku ya miaka hiyo ni mkono huu uliomlisha. Mjomba amekwisha kutangulia mbele ya haki. Nashukuru kwa bati lake, nashukuru kwa ukali wake, lakini kwa lile neno lake la Idi pili sijui hata nishukuru vipi.

Basi swali lako nalijibu sasa. Ukienda kuchagua mkasi, usitazame ukubwa wala mng'aro. Ufungue wote, uone kama vidole vyako vinauzunguka bila kunyooshwa, usipouweza ukiwa mtupu hutauweza ukiwa na bati mdomoni. Ufumbe, uinue kwenye mwanga, makali yaguse tangu ndani mpaka nchani. Mrefu mnyoofu ni wa mistari mirefu, mfupi ni wa duara. Siku hizi mnajua zaidi yetu, kwamba mishikio myekundu hupinda kushoto, ya kijani hupinda kulia, na ya njano huenda moja kwa moja, na mwenye shoto, wa kijani ndio humkaa mkononi. Ukikata usifumbe mdomo wote mpaka mwisho, hapo ndipo meno yanapoachwa. Usikatie waya wala msumari, hata ukiombwa na nani. Na uujaribu kwa mkono ule unaoutumia mlango ukiwa umefungwa, si ule unaowaonyesha watu. Ukiuona ulio wako, uchukue hapo hapo, hata kama duka zima litacheka.

Na unapofundishwa, usimfiche mwalimu wako kinachokushinda. Mimi nilificha mwaka, na nusura nimpoteze mtoto kwa mwaka huo.

Nenda, mwanangu. Mungu akipe kiganja chako riziki isiyokauka, akuepushe na makali, akufanye mtu wa kutumainiwa nyumbani kwenu. Akujalie mwalimu atakayekwambia umekosea pale ulipokosea. Na siku utakapokuwa mwalimu wewe, mbele yako amesimama mdogo uliyemwita mzito, Mungu akupe ulimi wa kumwambia, "Ni mimi niliyekosea." Amin.